Wajomba wanataka nifute habari za babu aliyeuzwa

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Naishi Lindi mjini. Bibi yetu mzaa mama amezaliwa Kilwa Kisiwani na hajawahi kuhamia kwingine. Nimeanza kuandika nasaba yake, naye amenieleza kwamba babu yake mzaa baba alikuwa Mngindo, alitekwa bara akiwa mtoto na kuletwa pwani kuuzwa. Wajomba zangu wamekasirika, wanasema sisi ni Washirazi, watu wa asili ya Uajemi, na habari hiyo niifute. Je, dini inasemaje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, usiifute.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujifunze katika nasaba zetu yale yatakayotuwezesha kuunga udugu, kama alivyopokea Tirmidhi, kwa hiyo kazi yako ina asili katika dini. Lakini katika hadithi ya Bukhari na Muslim ameonya pia kwamba mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake, hali ya kuwa anajua, Pepo ni haramu kwake. Wajomba zako waliokulia katika jina la Ushirazi bila kujua lolote hawana lawama. Sasa wameambiwa na mama yao mzazi, na hapo ndipo penye hatari.

Mzingatie Zaid bin Haritha. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa sokoni, akafika nyumbani kwa Mtume, watu wakawa wanamwita Zaid bin Muhammad. Je, kulikuwa na jina tukufu kuliko hilo? Hata hivyo iliteremka aya ya 5 ya Suratul Ahzab, "Waiteni kwa baba zao", akarudishiwa jina la Haritha. Utumwa haukumfutia baba yake, na ni yeye peke yake kati ya Masahaba aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani.

Mzee wenu naye alikuwa na baba na mama huko Ungindoni. Kilwa Kivinje, katika karne ya 19, ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na misafara ilishuka hapo kutoka pande za Ziwa Nyasa. Hata utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Aibu ni ya waliomteka. Naumia kila ninaposikia wajukuu wakiibeba wao.

Kuhusu uthibitisho, katika madhehebu yetu ya Shafi nasaba huthibiti kwa habari iliyoenea kwa watu wengi. Kauli ya bibi peke yake usiijengee madai ya mirathi, ila iandike ukitaja kwamba umeipokea kwake, na jina analokoma nalo, nawe koma hapo. Umuulize taratibu, asubuhi akiwa hajachoka. Muulize pia daftari la hitima, yaani kisomo cha kuwaombea marehemu, kwani nyumba nyingi za pwani huwa nalo, kurasa zimelegea na majina ya marehemu yamepangwa kwa mwandiko wa watu watatu wanne. Humo hupatikana majina ya kina mama ambayo wanaume wa ukoo wameyasahau.

Wajomba usishindane nao mbele za watu. Nenda na bibi, aseme mwenyewe kwa wanawe. Na jina la mzee huyo, kama halimo daftarini, liandikwe ili katika hitima ijayo aombewe pamoja na wenzake.

Wallahu a'lam.