Maneno ya kitabibu ya damu, machozi na nyongo

Mdogo wangu, umeuliza utayakariri vipi maneno haya kabla ya mtihani wa uuguzi, maana lacrimal na dacryocystitis vinakuchanganya ilhali vyote ni vya machozi. Achana na kukariri orodha nzima. Mara nyingi Kilatini hutaja kiungo, Kigiriki hutaja ugonjwa. Ndiyo maana tezi ya machozi ni lacrimal, lakini kifuko chake kikivimba kwa maambukizi ni dacryocystitis.

Halafu lipasue neno ulione ndani. Chukua bilirubin, dutu ya manjano iliyomo kwenye nyongo: kwa Kilatini bilis ni nyongo, ruber ni nyekundu. Chembe nyekundu za damu zikichakaa, hemoglobini yake huvunjwavunjwa hadi ikatoa bilirubin, na ini huitoa kupitia nyongo. Ikirundikana mwilini, weupe wa macho hugeuka manjano. Mgonjwa wa namna hiyo utamwona wodini, na neno litakujia lenyewe.

Kuwa makini na hidro- na hydro-, zote za Kigiriki: ya kwanza jasho, ya pili maji. Hyperhidrosis ni kutokwa jasho kupita kiasi. Herufi moja tu!

Leo anza na sanguis, lac na sudor, yaani damu, maziwa na jasho. Kila moja iandike kando ya mwenzake wa Kigiriki: haima, gala, hidros.