Paka anatapika, nimpe parasetamo?

SWALI: Dokta shkamoo, paka wangu katapika mara tatu toka asubuhi, sasa hivi anatoa povu la njano tu. Nimpe parasetamo?

JIBU: Marahaba. Weee usithubutu, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua! Mpumzishe kula masaa machache, maji mpe kidogokidogo maana akiyabugia atayarudisha yote, akitulia mpe kuku wa kuchemsha kidogo, asiwe na chumvi wala kitunguu, ila usimshindishe njaa siku nzima, ini la paka halivumilii. Akitema manyoya tu kisha anaendelea kucheza, poa. Ila ukiona damu, kalegea, hata maji hayakai, au uzi unaning'inia mdomoni (usiuvute, utamkata utumbo), mkimbize kwa daktari wa mifugo leo leo, na kitoto cha paka ndo usisubiri kabisa.