Kabla ya kulipia "uchimbaji", uliza umeme unatoka wapi

Mwaka 2021 niliwatumia shilingi 600,000 watu walioniambia kwamba wananichimbia Bitcoin, sarafu ya mtandaoni. Ni pesa niliyoipata kwa kuuza mitumba Busia, upande wetu wa Uganda. Kila asubuhi programu ya simu ilinionyesha faida ikipanda. Siku nilipotaka kutoa, nikaambiwa nilipe kwanza "ada ya kufungulia". Sikuziona tena. Baadaye nilipojifunza uchimbaji wenyewe ulivyo, niliumia zaidi, maana swali moja tu lingeniokoa.

Malipo ya Bitcoin huandikwa kwenye blokicheni, yaani daftari la malipo. Daftari la kikundi chetu cha akiba hukaa kwa katibu. Hili la Bitcoin nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na kila mwenye nakala hukagua mwenyewe. Kurasa zake huitwa bloku. Kila bloku hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na bloku iliyotangulia, kwa hiyo ukichezea tarakimu moja ya zamani, zote zinazofuata hazishikani tena.

Ukurasa mpya aandike nani? Hapo ndipo wachimbaji wanaposhindana, na shindano lenyewe ni kubahatisha. Mashine hubadilisha namba, hukokotoa alama, hutazama kama iko chini ya kiwango kilichowekwa. Haiko, hujaribu tena, matrilioni ya mara kwa sekunde. Anayepata kwanza huongeza bloku na kulipwa. Bitcoin ilipoanza Januari 2009, malipo yalikuwa sarafu 50. Hukatwa nusu kila baada ya bloku 210,000, na tangu Aprili 2024 ni 3.125, pamoja na ada za wanaotuma. Mashine zikiongezeka, ugumu nao hupandishwa ili bloku moja iendelee kuchukua kama dakika 10.

Sasa tupige hesabu. Mashine moja ya kazi hii hula kama kilowati 3. Kwa saa 24 ni uniti 72, na nyumbani kwangu hizo ni Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ya mwezi mzima. Hata ikijaribu mara trilioni 100 kwa sekunde, mtandao wote unafanya zaidi ya mara milioni 5 ya hapo. Ikiwa peke yake, ingesubiri kwa wastani karibu miaka 100 au zaidi kupata bloku moja! Ndiyo maana wachimbaji huunganisha mashine na kugawana mapato. Simu yako, ndugu yangu, haiwezi kazi hiyo.

Basi uliza mashine ziko wapi na umeme wanaununua kwa bei gani. Mchimbaji wa kweli huwaza bili kabla ya faida. Anayekutaka ulete wenzako ndipo ulipwe, anakulipa kwa pesa za hao wenzako. Na ujue kwamba Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda ilizikataza kampuni za malipo kubadilisha sarafu hizi kuwa pesa za simu.

Juzi mpwa wangu alikuja na programu nyingine. Nikamwambia awaulize mashine zao zinakula uniti ngapi kwa siku. Wakamjibu kwamba wao hawatumii umeme. Akaifuta palepale, tukaendelea kufungua marobota.