Saa kumi na tisa ni saa ngapi?

SWALI: Najifunza kuandika programu. Ya kwanza niliyoimaliza inaonyesha saa kwenye dirisha la amri (lile la kuiandikia kompyuta amri kwa maneno) kwa namba za binari, zinazoandikwa kwa tarakimu mbili tu, moja na sifuri: nukta nyeusi ni moja, nyeupe ni sifuri. Chini yake nimeweka maneno, na jana yakasomeka, "Sasa ni saa kumi na tisa na dakika arobaini na tano." Mama alicheka sana. Nimekosea wapi? Na chombo chenyewe nikiite saa binari, saa jozi au saa ya nukta? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Mama kacheka kwa haki. Ungeandika 19:45 kwa tarakimu tusingegombana. Tiketi za ndege zimejaa hizo, na kila mtu hujigeuzia kichwani. Shida inaanza tarakimu zinapotiwa maneno. Saa ya Mswahili haifiki kumi na tisa. Huhesabiwa tangu kunapokucha, ikagota kumi na mbili jua linapozama, na usiku ukaanza hesabu yake upya. Hapo nyumbani kwenu 19:45 ni "saa mbili kasorobo usiku", na hiyo kasorobo ni "kasoro robo" iliyobanwa na ndimi zenye haraka.

Kuifundisha kompyuta si kazi. Chukua saa inayokupa, ongeza sita, halafu toa kumi na mbili mpaka isitoke tena. Kisipobaki kitu, sema kumi na mbili. Kwa 19 unapata 25; ukitoa 24 inabaki moja: saa moja na dakika arobaini na tano, ambayo mdomoni ndiyo ile mbili kasorobo. Na kuna faida hapo. Saa za Kizungu zinazokwenda hadi 23 zinataka nukta tano (19 ni 10011), lakini zetu zinaishia 12, yaani 1100, kwa hiyo nukta nne zinatosha. Dakika hazina ugomvi: 45 ni 101101 kwa Mzungu na kwa Mtanga.

Tuje kwenye jina. Tunasema saa ya ukutani, saa ya mkononi. Basi na hii iwe saa ya binari. Ukiiacha hiyo "ya", maneno mawili yanabaki yamesimama kama wageni wasiojuana. "Saa jozi" siitaki. Jozi ya viatu ni viwili, sawa, lakini jozi ya karata ni karata zote za mchezo, na msomaji hatajua unamaanisha ipi.

"Saa ya nukta" imenifurahisha, na ndiyo yenye mtego. Nukta ni hicho kidoa unachokichora, lakini pia ni sekunde: dakika moja ina nukta sitini. Jina hilo litamfanya mtu adhani umeunda saa ya kupimia mbio. Humo ndani ya programu pia, ukiandika "nukta 30" kuna atakayeanza kuhesabu vidoa kwenye kioo. Mimi neno hilo nalipenda, ila hapa andika sekunde, na nukta ziachie uchoraji.

Moja hukuliuliza, na nina hakika litakupata ukiongeza jina la siku. Ikifika 02:00 ya Jumanne, programu itaandika "Jumanne, saa nane usiku." Kwa kompyuta siku imebadilika tangu saa sita usiku, lakini kwa msomaji huo ni usiku unaofuata mchana wa Jumanne, na miadi atakosa kwa saa ishirini na nne nzima. Magazeti yetu yana dawa yake ya siku nyingi: "saa nane, usiku wa kuamkia Jumanne." Weka sharti hilo kuanzia 00:00 hadi 03:59. Ikigonga saa kumi andika "alfajiri", na hapo Jumanne inasimama yenyewe bila kuamkiwa.