Jibu: Boti ya alumini inavuja kwenye maungio, niizibe na nini?

Mkuu, umesema boti yako ya futi 14 iko Kunduchi, inaingiza maji kwenye maungio, na fundi wa madau anataka kuisindilia pamba kisha apake silikoni juu. Mzuie kwanza. Simdharau, ila kalafati, yaani kuziba mianya kwa pamba, ni kazi ya mbao. Mbao ikilowa inavimba na kuibana pamba. Alumini haivimbi, kwa hiyo pamba itakaa na maji ya chumvi humo ndani, na chumvi iliyojificha kwenye upenyo ndiyo inayoitoboa bati. Silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki, ina asidi, nayo inaila alumini.

Anza kwa kujua panapovuja. Ipandishe juu ya magogo, egemeza vizuri chini ya mkuku (uti wa chini wa boti), mimina maji ndani, halafu zunguka nje na chaki utie alama panapotoka maji. Usijaze sana: mita nne za mraba za sakafu kwa kina cha sentimita 10 ni lita 400, yaani kilo 400 zinazoning'inia kwenye ribiti (pini zinazounganisha mabati) zilizochoka. Yangu niliyoinunua Msasani ilikuwa inalia jasho kwenye ribiti kuliko kwenye mshono wenyewe. Ribiti iliyolegea gongwa upya: mmoja anashikilia chuma kizito upande wa kichwa, mwingine anagonga mkia, yaani ncha ya upande wa pili, taratibu.

Kazi kubwa ni kusafisha. Mwenye boti wa kwanza alikuwa amepaka silikoni tabaka juu ya tabaka, na chini yake kulikuwa na unga mweupe wa kutu ya alumini. Ibandue yote, hata ule utando usioonekana, maana hakuna gundi inayoshika juu ya silikoni. Tumia brashi ya waya wa stenlesi. Ya chuma cha kawaida inaacha chembe zinazoanzisha kutu. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha ikauke kabisa, pangusa kwa asetoni na kitambaa safi, kisha ziba siku hiyohiyo kabla bati halijajifunika tena kwa utando wa oksidi.

Mimi natumia gundi ya poliyurethani ya baharini, kama Sikaflex 291. Paka kwa ndani, ikandamize kwa kidole iingie kwenye mshono. Fanya asubuhi mapema, jua la Dar likishaikamata bati haishikiki. Inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewa, kuanzia juu kwenda ndani, kwa hiyo juu kukauka kusikudanganye ukaishusha majini kesho yake.

Ufa hauzibwi kwa gundi, huo mpelekee fundi wa kuchomelea kwa gesi ya agoni. Rangi yenye shaba ya kupaka chini ya boti usiiguse, shaba na alumini kwenye maji ya bahari haziivi. Na ukienda Gerezani kununua ribiti za bunduki (zile zinazofungwa kwa kuvutwa na bunduki ya mkono), omba zilizozibwa mwisho. Za kawaida zina tundu katikati, zitakurudishia maji yaleyale.