Kwa Wanaoanza Kazi ya Hifadhidata Hapa Mombasa

Ukipata kazi ya kusimamia hifadhidata hapa Mombasa, iwe kwa kampuni ya kutoa mizigo Kilindini, hospitali au sako, utakabidhiwa mfumo mmoja. Baada ya muda utaujua vizuri: jedwali lipi ni zito, ripoti ipi huikaba seva mwisho wa mwezi. Hapo ndipo wengi hujiona mafundi, kumbe wanaijua ofisi yao tu. Ufundi wenyewe utaupata kwenye matatizo ya watu usiowajua.

Kwa bahati, PostgreSQL, programu ya hifadhidata ninayoizungumzia hapa, haina tajiri mmoja. Ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, ikapewa jina hili mwaka 1996, na hadi leo wanaoitengeneza hubishana hadharani mtandaoni. Soma mabishano yao. Mengi hutayaelewa mwanzoni, na si neno.

Kuuliza huko mtandaoni nako kuna adabu yake. Usitume picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, tafadhali. Andika toleo unalotumia, muundo wa jedwali, ujumbe wa kosa ulivyo, na majibu ya EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha hifadhidata inavyolitekeleza ombi lako na muda inaotumia. Lakini jihadhari: amri hiyo huitekeleza kwiri (yaani ombi lenyewe) kweli, kwa hiyo ukiipima DELETE inayofuta au UPDATE inayobadilisha data, anza na BEGIN na umalize na ROLLBACK ili mabadiliko yafutwe. Na usibandike data za wateja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si mchezo: data zikivuja na kuwatia watu hatarini, ofisi ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Kwa generate_series, amri ya kuzalisha mfululizo wa thamani, tengeneza data za uongo zinazotoa tatizo lilelile. Mara nyingi utalipata jibu ukiwa bado unaziandaa.

Kisha anza kujibu wengine, hata kama hujioni mjuzi. Tuseme mtu analalamika kwamba ameweka indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji) kwenye safu ya jina lakini utafutaji bado unajikokota. Unaangalia kwiri yake, unakuta ameandika lower(jina), yaani jina lililogeuzwa kuwa herufi ndogo. Indeksi ya jina tupu haimsaidii hapo. Anahitaji indeksi ya lower(jina) yenyewe. Jaribu kwako kwanza ndipo ujibu. Anayejibu kwa kubahatisha huwapotezea muda watu wengi, sio mmoja.

Majina hasa ndiyo eneo ambalo sisi watu wa Pwani tuna la kuwafunza wengine. Mgonjwa mmoja anaandikwa Mohamed leo, kesho Mohammed, mwezi ujao Muhammad, na mfumo unamhesabu watu watatu. Fomu nyingi zinadai jina la ukoo, ilhali mtu ana jina lake, la babake na la babuye, basi. Karani akilazimishwa hujaza nukta, au "hana", na mimi simlaumu. Wa kulaumiwa ni aliyeiwekea safu hiyo NOT NULL, sharti la kutoiacha tupu. Kiendelezi cha PostgreSQL kiitwacho pg_trgm kitakuonyesha majina yanayofanana kwa tahajia, lakini usikiachie kiunganishe rekodi chenyewe. Mohamed Ali Said na Mohammed Ali Said huenda ni watu wawili wa mtaa mmoja, mmoja ana mzio wa penisilini. Muulize karani. Na namba za simu zihifadhi kama maandishi. Ukizifanya tarakimu, sufuri ya mbele imekwenda.

Kuhusu bakapu, yaani nakala za akiba, nitasema kwa ufupi: bakapu ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. Soma kisa cha GitLab, kampuni ya kuhifadhi misimbo ya programu mtandaoni, cha tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi alifuta data kwenye seva isiyokusudiwa, na walipoziendea bakapu za pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kutoa nakala, wakakuta hazipo, kwa kuwa programu hiyo ilikuwa ya toleo 9.2 na hifadhidata ni 9.6. Walipoteza data za takriban saa sita. Ila waliandika kila kitu wazi, hata urejeshaji wakauonyesha moja kwa moja, nasi huku tukapata somo la bure.

Ukitaka pa kuanzia, waite wenzako wawili watatu Jumamosi, hata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, kila mmoja aje na kwiri moja iliyomshinda wiki hiyo. Izungumzeni kwa Kiswahili. Mtakayotatua yaandikeni, na mkikuta maelezo rasmi ya PostgreSQL yana kasoro, watumieni wahusika marekebisho. Hata sentensi moja hupokelewa.