Kabla hujanunua gari dogo, uliza giaboksi

Mtu akitafuta gari lake la kwanza, swali huwa ni lilelile: linatembea kilomita ngapi kwa lita? Ni swali la haki, hasa ukikumbuka kwamba kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunakaa kusubiri EWURA watangaze bei mpya za mafuta. Lakini nikiwa nimeendesha Vitz ya silinda tatu kwa miaka Dar es Salaam, na sasa IST ya cc 1300, nasisitiza swali jingine litangulie. Hilo gari lina giaboksi gani: CVT, yaani otomatiki ya mkanda na puli, otomatiki ya gia, au manyuali ya klachi? Kwenye magari haya madogo injini mara nyingi ni imara kuliko watu wanavyodhani. Kinachomtia mtu hasara ni giaboksi, na hiyo ndiyo wanunuzi wengi hawaiulizii mpaka siku gari linapogoma kuondoka.

Tuanze na hesabu. Chukua mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi, yaani kutoka Kimara kwenda Posta na kurudi, pamoja na mizunguko ya wikiendi. Gari la kilomita 17 kwa lita litatumia kama lita 59. Gari la kilomita 13 kwa lita litatumia kama lita 77. Tofauti ni lita 18 kwa mwezi, au mia mbili na kidogo kwa mwaka. Ni pesa, sikatai. Sasa ingia maduka ya vipuri ya Ilala au Gerezani uulize bei ya giaboksi ya CVT ya mtumba kutoka Japani, ongeza ufundi, oili na siku ambazo gari litakaa gereji, halafu uone ni miaka mingapi ya kubana mafuta inaondoka kwa siku moja.

Kuna na kodi. Kwa viwango tulivyovizoea, gari lisilozidi cc 1000 halitozwi ushuru wa bidhaa unaotokana na ukubwa wa injini. Kuanzia cc 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo ni asilimia 10. Ndiyo maana Vitz na Passo za cc 996 zimejaa barabarani. Ila ushuru wa uchakavu hauangalii udogo wa injini: gari la zaidi ya miaka 10 linaongezewa asilimia 30. Kwa hiyo kigari cha cc 996 chenye umri mkubwa kinaweza kukutoka zaidi ya ulivyopanga. Ingia kwenye kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA, mtandaoni kabla ya kumtumia mtu pesa Japani.

Uzuri wa magari haya mjini hauna ubishi. Unaegesha Kariakoo mahali ambapo mwenye Prado anapita akipiga honi. Tairi za inchi 13 au 14 ni rahisi kuliko za gari kubwa. Vipuri vya Vitz, Passo na IST vinapatikana mpaka kwenye maduka ya mikoani, kwa sababu madereva wa teksi za mtandaoni kama Bolt wameyafanya kuwa magari ya kazi, na fundi anayefungua Passo kila siku haoni ajabu kukufungulia ya kwako. Injini ya 1KR, hiyo ya silinda tatu iliyomo kwenye Vitz ya 2005 na Passo, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha. Inatetemeka kidogo gari likiwa limesimama na injini inawaka, hiyo ndiyo tabia ya silinda tatu. Ikitetemeka mpaka usukani unacheza mkononi, angalia mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini.

Zile kilomita 20 na ushee kwa lita mnazoziona kwenye matangazo zilipimwa maabara huko Japani, bila foleni ya Ubungo, bila matuta na bila abiria wanne na kiyoyozi kikiwa wazi. Vitz yangu kwenye barabara ya wazi ilinusa mafuta kweli. Kwenye foleni ya jioni ilikula kama gari jingine lolote lililosimama na kiyoyozi kinafanya kazi.

Sasa giaboksi yenyewe. Nyingi ya hizi za katikati ya miaka ya 2000 kuja juu ni CVT. Ndani yake hakuna gia zinazobadilishana. Kuna puli mbili zinazoweza kutanuka na kubana, na mkanda unaozunguka katikati yake. Wazo hili lina umri: kampuni ya DAF ya Uholanzi ilitambulisha gari dogo lenye mikanda ya mpira mwaka 1958, na Subaru Justy ya 1987 ndiyo iliyoingia sokoni na mkanda wa chuma. Faida yake ni kwamba injini inabaki kwenye mzunguko wa chini unaobana mafuta huku puli zikibadilisha uwiano polepole. Ndiyo maana ukiendesha Vitz ya CVT husikii gia ikiingia. Linateleza tu. Kwa mtu wa foleni hiyo ni raha kubwa.

Lakini mkanda ule wa chuma unashikwa kwa kubanwa na presha ya oili. Oili ikichoka, ikipungua au ikiwa siyo yenyewe, mkanda unaanza kuteleza na kukwangua uso wa puli, na hapo hakuna fundi wa kukukarabatia kwa bei nafuu. Hili nimelishuhudia karibu kabisa. Dada yangu mkubwa ana Passo ya umbo la pili, ile iliyotoka mwaka 2010. Alipeleka sevisi kwenye gereji moja mjini, akarudi nyumbani akisema gari limekuwa zito. Nilipokaa nalo asubuhi, ukiondoka linatikisika kama mtu mwenye homa mpaka lifike mwendo wa arobaini hivi, kisha linatulia. Tulipofuatilia, oili iliyowekwa ilikuwa ATF ya kawaida, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki za gia. Fundi alimjibu dada yangu kwa upole kabisa, "Mama, haidroliki ni haidroliki tu." Siyo kweli. Toyota wana CVT yao ya TC na ya FE, Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana HMMF kwa Fit za zamani na HCF-2 kwa za baadaye. Zina msuguano tofauti kwa makusudi. Tulibahatika: sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, ikafunguliwa, sumaku zilizo chini zikafutwa vumbi la chuma, chujio likabadilishwa, oili sahihi ikawekwa, na baada ya wiki chache ikabadilishwa tena. Gari lilirudi. Wengi hawabahatiki.

Kwa hiyo ukiwa na CVT, nunua oili mwenyewe kwenye duka unaloliamini, simama fundi akiiweka, na usingoje zaidi ya kilomita 40,000 kuibadilisha, hata kama muuzaji anakwambia ni oili ya maisha. Joto letu na foleni zetu haziruhusu. Zingatia pia kwamba nyingi ya giaboksi hizi hazina dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na ujazo wake unapimwa gari likiwa sawasawa na oili ikiwa kwenye joto maalumu. Fundi anayemimina mpaka "inatosha" anakuharibia.

Na maji. Msimu wa masika Jangwani ikijaa, Passo na Vitz ziko chini mno. Giaboksi ina tundu la kupumulia, na maji yakilifikia yanaingia ndani na kuchanganyika na oili, ambayo hugeuka rangi ya maziwa. Mwenye gari la juu anaweza kupita. Wewe geuza, hata kama njia ya mzunguko itakutia saa nzima.

Otomatiki ya gia nne ndiyo niliyoihamia, na siku hizi ndiyo ninayomshauri mtu wa kawaida. IST ya kwanza, iliyotoka 2002 ikiwa imejengwa juu ya chasisi ya Vitz, inayo. Nissan March ya toleo la K12 inayo, na baadhi ya Mazda Demio pia. Inakula mafuta kidogo zaidi, na unasikia gia ikibadilika. Lakini karibu kila fundi wa Dar, Mwanza au Mbeya ameshaifungua, na ikianza kuumwa inakuonya mapema: gia inachelewa kuingia, au inagonga ukitoka R (rivasi) kwenda D (mbele).

Tofauti niliiona vizuri Kitonga. Ukitoka Dar kwenda Iringa, ukishapita Ruaha Mbuyuni, mlima unakusubiri na malori yamejipanga mbele yako yakitambaa. Kwa Vitz ya cc 996 yenye CVT, watu wanne na mabegi, injini inavuma juu kabisa huku mwendo hauongezeki. Kiyoyozi unazima. Kulipita lori unafikiria mara mbili, na mara nyingi unaacha. Giaboksi ikipata joto sana, kwenye baadhi ya magari kompyuta yenyewe hupunguza nguvu ili kuilinda, na hiyo haikuulizi kama uko katikati ya kulipita lori. IST ya cc 1300 haikuwa shujaa, ila nilibonyeza swichi kuzima ovadraivu, yaani gia ya nne, ikashuka gia ya tatu, ikapanda kwa utulivu bila kubadilika badilika.

Kushuka ndiko kunakoua. Kuna imani imeenea kwamba ukiweka nyutro mteremkoni unabana mafuta. Hapana, na naomba hili lisambae. Gari la kisasa likiwa kwenye gia na mguu wako umetoka kwenye pedali, kompyuta inakata mafuta kabisa kwa sababu magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inahitaji kuchoma mafuta ili isizimike. Na zaidi ya hayo umetupa breki ya injini, ukabaki na breki ndogo za mbele na za ngoma nyuma, zinazopata moto hadi pedali inazama. Kwenye gia nne, zima ovadraivu, na mteremko ukizidi shusha kwenye 2. Kwenye CVT tumia herufi iliyo chini ya D, iwe S, B au L kutegemea gari.

Manyuali nitaisema kwa ufupi, kwa sababu kwenye magari madogo ya Japani kuipata ni kazi. Wajapani wenyewe karibu wote wananunua otomatiki. Ipo kwenye Starlet za zamani na kwenye kirikuu, ile Suzuki Carry ya cc 660. Mjomba wangu ana kirikuu kinachopanda na kushuka na mboga kati ya Lushoto na Mombo, barabara ya kona tupu, kilomita zipatazo 33. Klachi ikiisha anabadilisha pleti kwa fundi wa palepale. Betri ikifa vijana wanasukuma, anaachia klachi, linawaka. Jaribu hilo na Passo uone. Lakini kwa foleni ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, mguu wa kushoto utakuchoka, na siku ya kuuza wateja ni wachache.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama maisha yako yote ni mjini na safari ya mkoani ni ya Krismasi, CVT ya cc 1000 inakufaa, mradi umeona ushahidi wa oili kubadilishwa. Unayekwenda Moshi, Iringa au Singida mara kwa mara ukiwa na familia, ongeza kidogo uchukue cc 1300 ya gia nne. Hata ile asilimia 5 ya ushuru itakulipa. Honda Fit ya kwanza ya cc 1300 ni gari zuri na lina nafasi kuliko mengi ya rika lake, ila CVT yake hutikisika ikiondoka oili ikichoka, na injini yake ina plagi nane, mbili kwa kila silinda, kwa hiyo usishangae bei ya sevisi.

Siku ya kwenda kuangalia gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Liwashe likiwa la baridi. Kanyaga breki, peleka R, subiri, peleka D, usikilize kama linagonga au linachelewa. Kisha liendeshe nusu saa, si kuzunguka yadi, mpaka lipate joto, kwa sababu giaboksi nyingi mbovu huwa nzuri zikiwa baridi. Tafuta kilima, simama katikati, ondoka. Likitikisika, likivuma kama mluzi, au mshale wa mzunguko wa injini ukipanda bila gari kuongeza mwendo, liache hata kama rangi imekupendeza. Lipime kwa kompyuta pia, na usikubali jibu la "taa ya injini ilizimwa tu."

Na likikuharibikia njiani, usikubali kuvutwa kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Injini ikiwa imezimika pampu ya giaboksi haizunguki, oili haifiki, na kilomita chache tu za kuvutwa zinaweza kumaliza kilichobaki. Ita breakdown ya kunyanyua mbele, au ya kulibeba lote.